Msimbete kwa E

Kuchapa, mia mbili. Kuskani, mia tano.
Kujaza fomu ya mkopo, elfu tano, na kiti unapewa.
Bei nimezibandika ukutani, hapa Isevya;
mende wamekula kona ya karatasi,
tarakimu wamezihurumia.

Kalunde alishuka basi la Sikonge asubuhi,
bahasha ya kaki ndani ya nailoni, nailoni ndani ya khanga,
kama aliyebeba yai la kuazima.
Daraja la kwanza, pointi saba.
Nikasema, "Hongera." Akasema, "Asante, tuanze."

Jina. Shule. Kijiji. Tukaenda vizuri
mpaka kompyuta ilipouliza: Baba yu hai?
"Hapana."
Nikabonyeza hapana. Ikataka namba ya cheti cha kifo.

"Hakuna cheti," akasema.
"Alianguka kutoka juu ya mtundu akitundika mzinga,
nikiwa darasa la tatu,
mwendo wa siku mbili kutoka barabarani.
Walimzika hukohuko, wakaturudishia kamba."

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote:
bila namba, mfumo hauamini.
Kwa mfumo, mzee bado anapumua,
ana shamba, labda na mshahara,
ada anaweza kulipa akitaka.
Akaitazama skrini.
"Kama yu hai," akasema, "mwambie aje asaini hapa."

Mwaka wa tisa huu nafanya kazi hii.
Wamelia watu kwenye kiti kile, nami nimewapa maneno.
Siku ile niliinuka kuongeza karatasi kwenye printa
na printa ilikuwa imejaa.

Akarudi kijijini. Mtendaji yuko semina.
Akarudi tena. Mtendaji yupo, mhuri uko kabatini,
ufunguo umebaki semina.
Wakatafutwa wawili waliombeba marehemu:
Mihambo, ambaye sasa haoni,
na Kasanda, anayeikumbuka mvua lakini si mwaka.
Wakatia dole gumba.
Mama akauza madebe mawili ya asali kwa bei ya shida.

Zimebaki siku nne dirisha lifungwe, cheti kikatoka,
kina nembo, kina mhuri, kinanukia ofisi:
Msimbeti.
Cha kuzaliwa cha binti kinasema Msimbete.

Herufi moja, jamani!
Kwa herufi moja mtu huyu
amekufa mara mbili na hajafa hata mara moja.
Tukapanda ghorofani kwa wakili.
Elfu kumi na tano, binti aape
kwamba Msimbete na Msimbeti ni mtu mmoja,
mwenye kovu kwenye nyusi, aliyecheka kwa pua.
Hayo ya kovu wakili hakuyaandika.

Usiku wa mwisho mtandao ulikuja kama mkwe,
ukachungulia mlangoni, ukaona haya, ukaondoka.
Ukarudi. Faili ni kubwa mno.
Nikakipunguza kifo. Bado kikubwa.
Nikakipunguza tena, mpaka maandishi
yakawa nyayo za sisimizi. Hapo kikapita.
Saa tano na dakika arobaini na moja:
Imepokelewa.

Sijui kama alipata.
Majina hutoka kwa awamu, na watu hawarudi kunieleza;
aliyepata hupanda treni,
aliyekosa hupitia mtaa wa pili.

Kabla hajaondoka aliomba nakala moja ya rangi.
"Si ya Bodi. Ya mama.
Hajawahi kuona jina la mumewe limeandikwa."
"Lakini lina I," nikamwambia.
Akachukua kalamu yangu, akainama, akaifunga ile I
ikawa na tumbo na mkia.

Pesa yangu ilikuwa imeishia kwa wakili.
Akaniachia asali, nusu lita, kwenye chupa ya maji,
nta inaelea, kifuniko kimepasuka,
na mimi, kwa uchovu, nikailaza karibu na kibodi.

Mpaka leo kitufe cha E kinanata.
Wateja wananung'unika.
Nakibonyeza kwa nguvu zaidi.